Koti Juu ya Kanzu: Historia ya Suti katika Afrika Mashariki

Suti, kwa maana inayotumika katika makala haya, ni koti na suruali vilivyokatwa kutoka kitambaa kimoja, pengine pamoja na kizibao, yaani kikoti kisicho na mikono kinachovaliwa ndani ya koti, vyote vikiwa vimeshonwa ili vifuate umbo la mvaaji badala ya kulifunika tu. Sehemu ya mwisho ya maelezo hayo ndiyo yenye uzito zaidi katika historia ya vazi hili upande wa Afrika Mashariki, kwa sababu mavazi ya heshima yaliyolitangulia huko, kuanzia kanzu hadi joho, yaliteremka moja kwa moja kutoka mabegani na hayakumlazimu fundi ajue upana wa kiuno cha mtu kwa hesabu ya inchi. Suti ilipofika ilikuja na ufundi wa kupima, na pamoja na ufundi huo ikaja hukumu mpya ya macho, kwamba vazi limemkaa mtu au halikumkaa. Watu wa mwambao, na baadaye wa bara, waliipokea hukumu hiyo kwa masharti yao wenyewe: kila kizazi kiliikata suti upya kulingana na shughuli zake na siasa zake, na mara nyingi aliyeamua ikaaje alikuwa fundi cherehani wa barazani kuliko mtawala aliyetoa amri.

Chimbuko la suti ni Uingereza. Mnamo Oktoba 1666, mwezi mmoja baada ya moto mkubwa ulioteketeza sehemu kubwa ya London, Mfalme Charles wa Pili alitangaza barazani kwamba angevaa kizibao kirefu chini ya koti na kwamba asingeubadilisha mtindo huo, na Samuel Pepys, mtumishi wa serikali ambaye baba yake alikuwa mshonaji, aliiandika habari hiyo katika shajara yake siku iliyofuata. Hatua kubwa zaidi ilikuja mwanzoni mwa karne ya 19, pale wanaume wenye nafasi mjini humo, wakimfuata mtanashati George Brummell, walipoacha hariri, nakshi na nyuzi za dhahabu, wakachagua sufu ya rangi iliyoiva isiyo na pambo lolote. Kwa kuwa pambo lilikuwa limeondolewa, fahari ya nguo ikabaki katika mkato wake, jambo lililowapa washonaji wa mtaa wa Savile Row sifa ambayo hawajaipoteza hadi leo. Chini ya kitambaa cha nje cha koti la aina hiyo huwekwa kitambaa kigumu cha kati, ambacho mara nyingi hufumwa kwa singa za farasi ili kulipa kifua umbo, na ndani kabisa huwekwa bitana, yaani kitambaa laini kinachofanya koti lipite mwilini bila kukwama. Vitu hivyo viwili haonyeshwi mtu, lakini ndivyo vinavyoamua kama koti litasimama au litalegea baada ya kuvaliwa mara chache. Kufikia mwisho wa karne hiyo koti fupi, ambalo Waingereza walilivaa kwanza kwa mapumziko na matembezi, lilikuwa limeanza kuwa vazi la kazi na la mjini, na hilo ndilo lililosafiri kwenda Afrika.

Katika Zanzibar ya masultani wenye asili ya Omani, nguo ilimtambulisha mtu kabla hajafungua kinywa. Watumwa na watu wa kazi nzito walivaa merikani, yaani kitambaa cha pamba kisichopaushwa ambacho wafanyabiashara wa Marekani walikileta kwa wingi baada ya mkataba wao na Sultani Seyyid Said wa mwaka 1833, au kaniki, kitambaa kilichotiwa rangi ya nili hadi kikakaribia weusi. Waungwana walivaa kanzu na kofia iliyodariziwa kwa mkono, na wakubwa wakaongeza joho, ambalo ni vazi refu la sufu lililo wazi mbele na kupambwa kingoni, pamoja na kilemba na jambia kiunoni. Mtumwa hakutarajiwa kufunika kichwa wala kuvaa viatu mbele ya bwana wake. Ndiyo maana amri ya Aprili 1897, iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba, ilifuatwa na mageuzi makubwa ya mavazi, ambapo watu waliotoka utumwani walivaa kanzu nyeupe na kofia, wake zao wakavaa kanga na baadaye buibui, na katika kizazi kimoja tu alama zilizokuwa za wachache zikawa za mji mzima.

Koti la Kizungu lilipata nafasi yake katika mazingira hayo. Halikuja kuiondoa kanzu, bali lilikalia kiti cha joho: lilivaliwa juu ya kanzu, likabaki wazi mbele kama joho lilivyobaki wazi, na likatimiza kazi ileile ya kuonyesha kwamba mvaaji amejiandaa kwa Ijumaa, kwa Idi, kwa harusi au kwa kukutana na wakubwa. Jambo hili lina maana ya kiufundi ambayo wanahistoria wa mavazi huipita haraka mno. Koti la kuvaliwa juu ya kanzu haliwezi kukatwa sawa na koti la kuvaliwa juu ya shati, kwa kuwa tundu la mkono sharti lishushwe kidogo ili kanzu isikunjamane kwapani, kiuno hakiwezi kubanwa sana wakati vazi la ndani halina kiuno, na mkono wa koti unapaswa kuupa mkono wa kanzu nafasi ya kutokeza bila kufinywa. Fundi aliyelijua hilo alikuwa tayari ameibadilisha kanuni ya London, na koti ambalo Mwingereza angeliona limepwaya lilikuwa, kwa macho ya Mji Mkongwe au ya Lamu, limemkaa mtu vizuri. Mavazi hayo mawili yalisafiri pia kuelekea bara. Kanzu ilifika Buganda katika karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara waliotoka mwambao, ikaongezewa nakshi nyekundu kifuani, na hadi sasa mwanamume wa Kiganda anayekwenda ukweni kwa sherehe ya kujitambulisha, inayoitwa kwanjula, huvaa kanzu na koti juu yake.

Kilichoufanya ushonaji wa aina hii uenee ni cherehani. Isaac Singer alipata hataza ya mashine yake Marekani mwaka 1851, na katika miongo iliyofuata mashine za kuendeshwa kwa mkono na za kukanyagwa kwa mguu ziliuzwa karibu dunia nzima, zikiwemo bandari za Bahari ya Hindi. Reli ya kutoka Mombasa, iliyojengwa kuanzia 1896 hadi ilipofika Ziwa Viktoria mwaka 1901, na ile ya Wajerumani iliyotoka Dar es Salaam kwenda Kigoma, zilipeleka maduka ya Wahindi ndani ya nchi, na pamoja na maduka ukaenea mpango ambao wasafiri wa Afrika Mashariki waliukuta kila mji mdogo: mwenye duka ndani akiuza vitambaa kwa yadi, na barazani, mbele ya mlango wake, fundi mmoja au wawili wakiwa na cherehani zao, tayari kumpima mteja aliyetoka kununua. Mpango huo ulikuwa na busara ya kibiashara isiyohitaji maelezo marefu, lakini ulikuwa pia shule. Mwanagenzi, yaani kijana anayejifunza kazi, alianza kwa kufagia, kupuliza makaa ya pasi na kushona vifungo. Baadaye akapewa mapindo, kisha suruali fupi, kisha suruali ndefu, na koti likawa la mwisho, kwa sababu kosa la koti haliwezi kufichwa.

Utaratibu wa kushona suti haujabadilika sana tangu wakati huo. Fundi humzungushia mteja futikamba, yaani utepe wa kupimia, akaandika daftarini upana wa mabega, mzunguko wa kifua na kiuno, urefu wa mkono na wa mguu. Akachora kitambaa kwa chaki, akakata, kisha akapiga bandi, ambazo ni mishono mirefu ya muda inayoweza kufumuliwa bila kuharibu kitambaa, na kumwita mteja ajaribu. Katika hatua ya bandi ndipo suti hufa au hupona. Mabega yakionekana yamepanda, au kola ikiachana na shingo mvaaji anapoinua mkono, bado kuna nafasi ya kurekebisha. Mishono ya kudumu ikishapigwa, nafasi hiyo hupungua sana. Waliosifika kwa kazi hiyo katika Zanzibar, Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam walikuwa zaidi mafundi Wagoa, watu wa Goa katika pwani ya magharibi ya India, ambao kwa karne kadhaa za utawala wa Wareno walikuwa wamezoea mavazi ya Kizungu kanisani na harusini kwao, na kwa hiyo hawakuhitaji kufundishwa koti ni nini. Wao ndio waliowashonea maofisa wa kikoloni, na vijana wa Kiafrika waliofanya kazi karibu nao wakaondoka na ujuzi huo.

Serikali za kikoloni na wamisionari hawakufurahia sana kumwona Mwafrika ndani ya suti. Wamisionari wa UMCA, kundi la Kianglikana lililokuwa na makao Zanzibar na chuo Kiungani, waliona kwamba mwanafunzi anapaswa kubaki Mwafrika kwa mavazi hata akiwa Mkristo kwa imani, na wakapendelea avae kanzu. Bara, walowezi na wenye hoteli waliichukua kanzu hiyohiyo, wakaifunga mshipi mwekundu, na kuifanya sare ya watumishi wa nyumbani na wa mezani. Hapo pana kinaya kikubwa kuliko vyote katika historia hii: vazi lililokuwa la muungwana Lamu likawa vazi la mpishi Nairobi, na kijana aliyesoma, aliyeajiriwa kuwa karani au mwalimu, akajikuta hawezi kuivaa kanzu kazini bila kudhaniwa kuwa mtumishi. Suti kwake ilikuwa jibu la swali ambalo mkoloni mwenyewe alikuwa ameliuliza. Vyama vya ngoma ya beni, vilivyoanza mwambao wa Kenya katika miaka ya 1890 na kuenea Tanganyika nzima chini ya majina ya Marini na Arinoti, vililijibu swali hilo kwa mchezo na kwa ushindani, kwa kupiga ngoma kwa mtindo wa bendi ya kijeshi, kugawana vyeo vya kifalme na vya jeshi, na kuhesabu unadhifu wa mavazi kuwa sehemu ya ushindi. Waliowacheka wanabeni kwa kuiga Wazungu hawakutazama vizuri, kwani chama kilichoweza kuwavisha wanachama wake wote vizuri kilikuwa kimethibitisha uwezo wake wa kuchangishana fedha na kujiongoza, na huo ni uwezo ambao serikali ya kikoloni ilidai kwamba Waafrika hawana.

Katika Kongo ya Ubelgiji swali hilo la suti na hadhi liliwekwa karibu na sheria. Waliosoma waliitwa kwa Kifaransa kwa jina lenye maana ya watu waliokwisha kuendelea, na kuanzia 1948 waliweza kuomba kadi ya sifa ya uraia, ambayo haikutolewa kabla ya maofisa kuchunguza mwenendo na maisha ya mwombaji hadi nyumbani kwake. Suti iliyopigwa pasi haikutosha kumpatia mtu kadi hiyo, lakini ni vigumu kufikiria aliyeipata bila suti. Chuki ambayo vazi hilo lilikuja kukutana nayo baada ya uhuru haiwezi kueleweka bila kukumbuka fedheha hiyo ya kukaguliwa.

Baada ya uhuru viongozi kadhaa waliigusa suti kwa makusudi, na kila mmoja aliigusa sehemu tofauti. Nchini Tanzania, Rais Julius Nyerere alizuru China Februari 1965, Waziri Mkuu Chou En-lai akaja Dar es Salaam Juni mwaka huohuo, na koti la ukosi mfupi lililofungwa vifungo hadi shingoni likaanza kuitwa kwa jina la mgeni huyo. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 likawa karibu vazi la siasa, kwa kuwa tai na suti ya vipande vitatu vilihusishwa na wabenzi, jina la dhihaka la wakubwa waliojitajirisha. Hata hivyo, Umoja wa Vijana wa chama tawala cha TANU ulipotangaza Operesheni Vijana Oktoba 1968, ili kuanza kazi Januari 1969, vilivyopigwa marufuku vilikuwa sketi fupi, suruali za kubana, nywele za bandia na dawa za kuchubua ngozi, wala si suti. Mavazi ya wasichana na ya vijana wa mjini yaliitwa ya kigeni, ilhali vazi la kigeni la watu wazima wenye vyeo halikuguswa, na upendeleo huo haustahili kupewa jina jingine.

Zambia ilitoa mchango uliodumu zaidi. Kenneth Kaunda, rais wa nchi hiyo kuanzia 1964 hadi 1991, alizoea kuvaa koti jepesi la mikono mifupi au mirefu, lenye mifuko ya kubandikwa na lisilohitaji tai, pamoja na suruali ya kitambaa hichohicho, na vazi hilo likaitwa Kaunda suti katika lugha za eneo zima. Sifa yake kwa kawaida huelezwa kisiasa, lakini mtu akilitazama kwa jicho la fundi ataona sababu nyingine. Kaunda suti mara nyingi haina bitana wala kitambaa kigumu cha kati, bega lake halina pamba, na kiuno chake hakibanwi. Kwa hiyo fundi wa kijijini aliyekwisha kuimudu suruali na shati angeweza kuishona, na mwalimu wa shule ya msingi angeweza kuigharamia. Vazi rasmi likatoka mikononi mwa mafundi wachache wa makoti na kuwafikia mafundi wengi wa kawaida, na hilo pengine lilifanya kazi ya usawa kuliko hotuba nyingi.

Kinyume chake kilitokea Zaire, iliyokuwa Kongo ya Ubelgiji. Rais Mobutu Sese Seko, chini ya siasa yake ya uhalisi ya miaka ya mwanzo ya 1970, alipiga marufuku suti na tai na kuweka mahali pake abakosti, koti la kufungwa hadi juu lililovaliwa na skafu shingoni, ambalo jina lake limeundwa kwa maneno ya Kifaransa ya kuilaani suti. Ila abakosti za wakubwa zilikatwa kwa sufu ya gharama kubwa, nyingine zikishonwa hukohuko Ubelgiji, hivyo vazi la kumkataa mkoloni likaendelea kumlipa. Mobutu aliporuhusu vyama vingi tarehe 24 Aprili 1990 aliruhusu tai katika hotuba hiyohiyo, na ni nadra katika historia kwa ukosi wa koti na mwelekeo wa siasa ya nchi kubadilishwa siku moja.

Tanzania ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa na shida iliyokuwa mbali na mitindo. Fedha za kigeni zilikuwa zimeadimika, viwanda vya nguo vilizalisha chini ya uwezo wake, na kitambaa cha kushonea suti kilipatikana kwa bahati au kwa kujuana. Serikali ilipolegeza masharti ya kuagiza bidhaa kuanzia 1984, na zaidi baada ya Ali Hassan Mwinyi kuingia madarakani mwaka 1985, mitumba, ambayo watu walikuwa wakiiita pia kafa Ulaya, iliingia kwa wingi, na pamoja nayo zikaja suti za Ulaya na Marekani zilizokwisha kuvaliwa. Kenya ilifungua mlango huo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mpangilio wa kazi ukageuka juu chini: zamani mwili ulipimwa kwanza na nguo ikafuata, sasa nguo ilitangulia, ikiwa imekatwa kwa ajili ya mtu mwingine wa nchi nyingine, na mnunuzi wa soko la Gikomba, Nairobi, au Kariakoo, Dar es Salaam, akalazimika kujua mwenyewe mambo ambayo fundi alikuwa akimjulia.

Kutokana na hali hiyo pakazuka maarifa ya sokoni ambayo hayapungui yale ya Savile Row. Mnunuzi mwenye uzoefu hutazama bega kwanza, akihakikisha kwamba mshono wake unaishia pale mfupa wa bega unapoishia, kwa sababu kufumua bega ni sawa na kulishona koti upya na mafundi wengi hukataa kazi hiyo. Kisha hutazama kola, ambayo inapaswa kushika shingo bila kuacha pengo, halafu hufunga kifungo cha kati kuona kama kitambaa kinavutana tumboni. Upana wa kiuno haumsumbui sana, kwa kuwa unaweza kupunguzwa ubavuni, wala urefu wa suruali, ambayo kwa kawaida ina akiba ya kitambaa kwenye pindo na nyuma ya kiuno. Ila urefu wa koti hauguswi, kwani ukilikata chini mifuko hubaki mahali pasipo pake. Karibu na kila soko la mitumba kuna mafundi wasioshona nguo mpya kabisa, ambao kazi yao ni kupunguza, na ni wao waliozifanya suti za wafu wa Ulaya, kama jina la zamani lilivyodai, ziwakae walio hai wa Temeke na Eastleigh.

Wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia mwaka 2016 kuondoa mitumba hatua kwa hatua ili kuvilinda viwanda vya nguo, lakini Marekani ilipotishia kuwaondolea nafuu ya ushuru chini ya mpango wa AGOA, Rwanda peke yake ndiyo iliyoendelea na ushuru wake mkubwa, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishwa kutoka katika nafuu hiyo. Wakati huohuo suti mpya za bei nafuu kutoka Uturuki na China zimejaa madukani, maduka ya kukodisha yamewapunguzia mabwana harusi gharama, na kamati za harusi zimerudisha desturi ya kumpa fundi mmoja kazi ya kuwashonea wasimamizi wote kwa kitambaa kimoja, desturi ambayo wanabeni wangeitambua mara moja.

Kuhusu nani mwenye haki ya kusema suti rasmi ni ipi, mabunge mawili ya jirani yametoa majibu tofauti. Novemba 2023, wakati Rais William Ruto akiwa ameifanya Kaunda suti kuwa vazi lake la karibu kila siku, Spika Moses Wetang'ula aliipiga marufuku ndani ya Bunge la Kenya pamoja na mavazi ya jadi, akataka wanaume wavae koti, shati la kola na la mikono mirefu, tai, suruali ndefu, soksi na viatu. Kanuni za Bunge la Tanzania, kwa upande wao, zimeitambua suti kamili ya Kimagharibi, zikaitambua suti ya safari ya mikono mifupi au mirefu, na zikalitambua pia vazi la mwambao, yaani kanzu, koti na kofia. Kati ya mabunge hayo mawili, la Tanzania ndilo lililoisoma vizuri zaidi historia ya vazi hili katika Afrika Mashariki.